Mvinyo wa kila bei: Namna ya kuchagua, kupendekeza na kusafirisha bila kulaza mtaji

Katika maduka ya vinywaji ya Arusha, Kampala, Goma na Bujumbura, ni bidhaa chache zinazomtatiza muuzaji kama mvinyo. Bia ina bei inayojulikana mtaa mzima, soda vilevile. Lakini kwenye rafu ya mvinyo unaweza kukuta chupa mbili zenye ujazo ule ule wa mililita 750, moja ikiuzwa mara kumi ya mwenzake. Mteja akiuliza tofauti ni nini, wauzaji wengi hujibu kwamba "hii ni nzuri zaidi", basi. Mteja huchukua ya bei ndogo au huondoka, na katoni za bei kubwa zilizonunuliwa kwa kubahatisha hubaki stoo zikila vumbi.

Kwa mfanyabiashara mdogo hilo si jambo la kupuuza. Katoni ishirini zilizolala ni mtaji uliolala, na mkopo hausubiri. Kwa msafirishaji nako kuna hatari yake: mvinyo ni mzigo unaoweza kufika ukiwa na idadi kamili, chupa zote nzima, na bado ukawa umeharibika.

Makala hii inaeleza kile ambacho bei ya chupa inalipia, mvinyo gani wa kupendekeza katika kila ngazi ya bei, na jinsi ya kuufikisha sokoni ukiwa salama.

PESA YA MTEJA INAKWENDA WAPI

Ili kuelewa bei ya mvinyo, anza na gharama zisizobadilika. Chupa tupu, kizibo, lebo, katoni, nauli ya meli au lori, stempu ya kodi na, katika nchi zinazotoza kwa lita, ushuru wa bidhaa: gharama hizi hukaribiana kwa chupa ya bei ndogo na chupa ya bei kubwa. Lori halitozi nauli zaidi kwa sababu mvinyo ni mtamu zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, tukiacha VAT kando. Tuseme gharama hizo zisizobadilika ni shilingi 9,000 kwa chupa. Chupa inayouzwa shilingi 12,000 inabakiza shilingi 3,000, na ndani yake kuna mvinyo wenyewe, faida ya mtengenezaji na faida yako. Chupa ya shilingi 24,000 inabakiza shilingi 15,000. Bei imepanda mara mbili, lakini kilichobaki kwa ajili ya mvinyo na faida kimepanda mara tano. Ukipanda tena hadi shilingi 48,000, kinabaki shilingi 39,000, yaani mara mbili na nusu hivi ya ngazi iliyotangulia. Hatua ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Kadiri unavyopanda, kila shilingi inayoongezwa inaleta tofauti ndogo zaidi ndani ya glasi.

Hapo ndipo penye siri ya kupendekeza mvinyo. Mteja anayetoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili ndiye anayepata ongezeko kubwa la ubora kwa pesa yake. Anayefika ngazi ya juu kabisa analipia zaidi jina, umri na uhaba wa chupa. Hilo si kosa, mradi ajue analipia nini.

Wala bei kubwa si hakikisho la furaha. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio zaidi ya 6,000 ya kuonja mvinyo bila kujua bei yake. Watu wa kawaida, wasio na mafunzo ya kuonja, hawakupendelea mvinyo wa bei kubwa. Kwa wastani waliupenda kidogo chini ya ule wa bei nafuu. Mwaka 1976 mjini Paris, waamuzi wa Kifaransa walionja mvinyo wa Ufaransa na wa California huku lebo zimefichwa, wakaipa California nafasi ya kwanza katika mwekundu na katika mweupe. Ulimi usioona lebo ni hakimu asiyependelea.

LEBO INASEMA NINI

Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa katika ukanda wetu hutoka Afrika Kusini. Zabibu zilikamuliwa kule Rasi kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659, na leo mashamba makubwa yako katika Jimbo la Rasi Magharibi: Stellenbosch, Paarl, Robertson, Swartland na kwingineko. Tangu 1973 nchi hiyo ina mpango wa kisheria unaothibitisha asili ya mvinyo. Kwenye lebo utaona herufi W.O. zikifuatiwa na jina la eneo, na shingoni mwa chupa mara nyingi kuna muhuri wenye namba.

Mambo manne ya kusoma kwenye chupa ya Afrika Kusini ni haya:

Kwanza, eneo. Likitajwa eneo pana kama Western Cape, zabibu zinaweza kuwa zimekusanywa kutoka mashamba mengi, na bei huwa nafuu. Likitajwa eneo dogo kama Stellenbosch, bei hupanda.

Pili, aina ya zabibu. Ikitajwa aina moja, mathalani Chenin Blanc, basi angalau asilimia 85 ya mvinyo huo lazima iwe ya aina hiyo.

Tatu, mwaka wa mavuno. Kwa mvinyo mweupe wa bei nafuu, mwaka wa karibuni ndio bora. Haukutengenezwa ili uwekwe. Muuzaji wa jumla akikupa punguzo kubwa kwa mvinyo mweupe wa miaka mitano iliyopita, jiulize kwa nini haukununuliwa.

Nne, kiwango cha kilevi. Mvinyo mtamu wa bei nafuu mara nyingi una asilimia 8 hivi. Mwekundu mkavu huwa na 13 hadi 14 na nusu. Namba hii ni muhimu kwa mnywaji na, kama tutakavyoona, kwa mlipa kodi pia.

NGAZI YA KWANZA: MTAMU NA WA BOKSI

Hapa ndipo wateja wengi huanzia, na hakuna sababu ya kuwadharau. Mtu aliyezoea soda na juisi hawezi kuanza na mvinyo mkavu unaokausha ulimi. Chapa kama 4th Street, na mvinyo mtamu wa Robertson Winery, zimepata wateja kwa sababu ni laini, zina sukari, hunywewa baridi na hazina kilevi kikali. Kwa sherehe za harusi, kipaimara na mahafali, hizi ndizo zinazokwisha mezani mapema.

Tanzania nayo ina mvinyo wake katika ngazi hii. Kilimo cha zabibu Dodoma kilianza kuchukua sura katika miaka ya 1950 kupitia wamisionari Wakatoliki wa Bihawana. Hali ya hewa kavu ya Dodoma ina jambo la pekee: mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali Ulaya na Afrika Kusini huvuna mara moja tu. Aina zinazolimwa ni pamoja na Makutupora Nyekundu, Chenin Blanc na Syrah. Chapa ya Dodoma Wine ya kiwanda cha Tanzania Distilleries inajulikana karibu kila mkoa wa Tanzania.

Boksi la lita 3 au 5 lina faida nyingine kwa msafirishaji. Katoni ya chupa 12 ina lita 9 za mvinyo, lakini uzito wake hufika kilo 15 au zaidi kwa sababu ya kioo. Lita hizo 9 zikiwa kwenye maboksi hazifiki kilo 10. Kwa hiyo tani 15 za katoni za chupa hubeba lita 9,000 hivi, na tani 15 za maboksi hubeba karibu lita 14,000. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya mvinyo wa boksi uwe nafuu kwa lita. Uangalizi mmoja: mfuko wa ndani unapitisha hewa kidogo kidogo, hivyo boksi linafaa liuzwe ndani ya miezi tisa hadi kumi na miwili tangu kufungwa. Angalia tarehe kabla ya kulipa.

NGAZI YA PILI: HAPA NDIPO PENYE THAMANI

Kama unayo nafasi ya kumpandisha mteja ngazi moja tu, mpandishe hapa. Kwa mvinyo mweupe, pendekeza Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine zote nchini humo, kwa hiyo bei haijapandishwa na uhaba. Ina harufu ya matunda, ukali wa wastani kama wa ndimu, na inakwenda vizuri na samaki, kuku wa kupaka na pilau.

Kwa mvinyo mwekundu, Pinotage ni ya kujaribu. Ni zabibu iliyozaliwa Afrika Kusini kwenyewe: mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, akapata mche mpya. Ina ladha nzito inayobeba moshi wa nyama choma bila kumezwa nao. Shiraz, ambayo ndiyo Syrah kwa jina jingine, hufanya kazi hiyo hiyo kwa mbuzi na ng'ombe.

Majina ya kutafuta katika ngazi hii ni Drostdy-Hof, Nederburg, KWV na mvinyo mkavu wa Robertson Winery. Nederburg ilianza kama shamba mwaka 1791 na KWV ilianzishwa 1918. Ni nyumba zenye uzoefu wa kutoa ladha ile ile mwaka hadi mwaka, jambo ambalo ni la maana kwa muuzaji: mteja aliyeipenda chupa ya Januari atataka ladha hiyo hiyo Desemba. Kutoka Chile, Casillero del Diablo ya Concha y Toro hupatikana katika miji mingi na iko katika kundi hili.

Mvinyo mkavu wa Dodoma, hasa Chenin Blanc na Syrah, nao unastahili nafasi kwenye rafu hii. Kwa mtalii anayekula hotelini Arusha au Kigali, chupa iliyotoka Dodoma ni kitu asichoweza kukipata kwao. Anayeuza hoteli na kambi za watalii asiache kuitaja.

NGAZI YA TATU: YA ZAWADI NA MGENI WA HESHIMA

Mteja wa ngazi hii hanunui kila wiki. Ananunua kwa ajili ya posa, kumuaga bosi au kumpokea mgeni. Anataka chupa isiyomwaibisha. Mpe mvinyo wenye eneo dogo lililotajwa wazi kwenye lebo, kwa mfano Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, Pinotage ya Beyerskloof, au Chenin Blanc ya mizabibu mikongwe ya Ken Forrester.

Kwa wanaotaka mvinyo wa povu, kuna jambo la kuwaeleza. Jina Champagne ni mali ya eneo la Champagne nchini Ufaransa. Afrika Kusini hutengeneza mvinyo wa povu kwa njia hiyo hiyo, yaani povu linalozaliwa ndani ya chupa yenyewe, na huuita Cap Classique. Kaapse Vonkel ya Simonsig ndiyo iliyotangulia, mwaka 1971. Mteja anapata kazi ile ile ya mikono kwa bei iliyo chini sana ya ile ya Champagne. Kwa maharusi wenye bajeti ya kati, huu ni ushauri watakaokushukuru nao.

NGAZI YA NNE: JINA, UMRI NA UHABA

Hapa kuna Kanonkop na Rubicon ya Meerlust kutoka Stellenbosch, na Vin de Constance ya Klein Constantia, mvinyo mtamu ambao sifa zake zinarudi nyuma hadi karne ya 18 na ambao Napoleon aliletewa alipokuwa kizuizini kisiwani St. Helena. Kutoka Ufaransa kuna mashamba makuu ya Bordeaux, ambayo yamepangwa kwa madaraja tangu 1855, pamoja na Champagne za majina makubwa. Miji kama Bukavu, Goma, Lubumbashi na Bujumbura, iliyozoea lugha na meza ya Kifaransa, ina wateja wanaoulizia Bordeaux kwa jina.

Ushauri wetu kwa ngazi hii ni mfupi: usiiweke rafuni kwa matumaini. Agiza mteja anapoagiza, na upokee malipo ya awali. Chupa moja ya ngazi ya nne iliyokaa mwaka mzima kwenye duka lenye joto imepoteza thamani mara mbili, kwa mtaji uliolala na kwa mvinyo uliochoka.

ONJA KABLA YA KUNUNUA KATONI

Hakuna maelezo ya lebo yanayoshinda kuonja. Kabla ya kununua katoni kumi, nunua chupa moja moja za aina tano au sita zinazokaribiana bei. Waite watu wanne wanaofanana na wateja wako, si mabingwa. Zifunge chupa kwa gazeti na uziandike namba. Weka maji na mkate, usiweke pilipili wala karanga za chumvi. Mweupe uwe baridi wa friji. Mwekundu uwekwe friji kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu joto la chumba wanalolitaja Ulaya si joto la chumba la Dar es Salaam au Mombasa.

Kila mtu aandike mambo mawili tu: aliipenda kwa kiasi gani, na angelipa shilingi ngapi. Baada ya hapo fungua magazeti. Chupa ambayo watu walikisia bei ya juu kuliko bei yake halisi ndiyo ya kununua katoni. Ile waliyokisia chini ya bei yake iache, hata kama jina lake ni kubwa. Gharama ya jaribio hili ni chupa sita. Gharama ya kubahatisha ni katoni nzima.

Wewe mwenyewe kama hutumii kilevi kwa sababu ya dini au afya, jaribio hili bado linafanya kazi. Daftari la waonjaji wako litakupa majibu bila wewe kugusa glasi.

MASWALI MATATU KWA MTEJA

Anayejua kupendekeza hamsukumii mteja chupa ya bei kubwa. Huanza kwa kuuliza. Utakula na nini? Unapenda tamu au kavu? Umepanga kutumia kiasi gani? Ukipata majibu hayo, mwonyeshe chupa mbili: moja iliyo ndani ya kiasi alichotaja na nyingine iliyo juu kidogo, kisha umweleze kwa sentensi moja kinachoongezeka. "Hii zabibu zake zimetoka shamba la eneo moja" ni maelezo. "Hii ni ya wakubwa" si maelezo.

Mteja anayependa tamu usimlazimishe mkavu. Mpe kwanza mweupe wenye utamu kidogo, mara nyingine Chenin Blanc yenye matunda mengi, halafu polepole atafika mwenyewe. Na kumbuka sheria ya umri: katika Tanzania, Kenya na Uganda kilevi hakiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18.

BARABARANI: JOTO NDILO ADUI

Mvinyo unaotoka Cape Town kwa meli hushuka Dar es Salaam au Mombasa. Unaopanda kwa lori hupita Beitbridge, Chirundu na Lusaka, halafu hugawanyika kuelekea Kasumbalesa na Lubumbashi, au Nakonde na Tunduma. Njia zote mbili zina jua.

Mvinyo huanza kuumia joto likipita nyuzi 25 na kukaa hapo kwa muda mrefu. Juu ya nyuzi 30 uharibifu unakwenda haraka. Kontena la chuma lililosimama juani foleni ya mpakani linaweza kupita nyuzi 50 ndani, hasa karibu na paa. Mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, huvuja, kisha hewa huingia. Mzigo unaofika ukiwa "kamili" unaweza kuwa tayari umepikwa.

Kwa dereva na mwenye lori, hatua hizi zinapunguza hasara:

- Usipange katoni za mvinyo kugusa paa au kuta za kontena. Kama mzigo ni mchanganyiko, weka mvinyo chini na katikati, na bidhaa zisizoogopa joto juu na pembeni.
- Tumia mablanketi ya kuzuia joto au, kwa lori la wazi, turubai lenye rangi ya kung'aa lililoachwa nafasi ya hewa.
- Sehemu za joto kali zivukwe usiku au alfajiri pale usalama na sheria zinaporuhusu.
- Ukikwama kwenye foleni, tafuta kivuli cha maegesho. Nyaraka zilizotumwa mapema kwa wakala wa forodha ndizo kinga kubwa kuliko zote, kwa sababu zinapunguza saa za kusimama.
- Kagua katoni ukiwepo wakati wa kupakia na kushusha, na uandike hali yake kwenye hati ya mzigo. Vinginevyo lawama yote itakuangukia wewe.

Kwa mpokeaji, fungua katoni chache kutoka juu, katikati na chini. Angalia kizibo kilichochomoza, shingo inayonata, lebo yenye madoa ya kuvuja, na usawa wa mvinyo ulioshuka. Mvinyo mweupe uliogeuka rangi ya chai ni dalili mbaya. Dukani, chupa za kizibo cha mti zilazwe. Za kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Usizipange dirishani kwa ajili ya mapambo, maana jua litakula faida yako.

MPAKANI: ASILI YA MVINYO NDIYO INAYOAMUA

Hapa wafanyabiashara wengi huingia hasara kwa kukosa taarifa. Mvinyo uliotengenezwa Dodoma kwa zabibu za Dodoma una asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, huvuka kwenda nchi mwanachama bila ushuru wa forodha. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa.

Mvinyo wa Afrika Kusini ni habari nyingine. Tanzania ni mwanachama wa SADC, hivyo mvinyo huo ukiwa na cheti cha uasili cha SADC unapata nafuu ya ushuru wa forodha unapoingia Tanzania. Lakini ukiununua Dar es Salaam na kuuvusha Namanga kwenda Kenya, haugeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu umekaa ghalani Kariakoo. Cheti cha Jumuiya hakiuhusu, na utadaiwa ushuru. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa, si ukiwa kwenye foleni.

Jambo la pili: cheti cha uasili hakifuti ushuru wa bidhaa wala VAT ya nchi unakopeleka. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa wa mvinyo kwa lita, na mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa kiwango cha chini. Kenya mwishoni mwa 2024 ilibadili utaratibu, ikaanza kutoza kwa kiasi cha kilevi halisi kilichomo. Maana yake, kwa soko la Kenya, mvinyo mtamu wa asilimia 8 hulipa pungufu kuliko mwekundu wa asilimia 14 hata kama chupa zinalingana ujazo. Hiyo inaweza kubadili kabisa hesabu ya ngazi ya kwanza na ya pili. Viwango hutazamwa upya kila bajeti, na mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda huanza 1 Julai, hivyo muulize wakala wako kila mwezi huo.

Jambo la tatu ni stempu. Kenya ilianza kufuatilia mvinyo na pombe kali kwa stempu za kielektroniki 2013. Tanzania na Uganda zote zilianza mifumo yao 2019. Stempu ya nchi moja haitumiki nchi nyingine. Chupa isiyo na stempu ya nchi inapouzwa ni chupa ya kukamatwa, na ukipewa bei ya kutupa kwa mzigo usio na stempu, ujue unayenunua hatari ni wewe. Zanzibar nayo ina sheria zake za vibali vya vileo; usipeleke mzigo huko kwa leseni ya Bara.

KUPANGA MTAJI WA KUANZIA

Anayeanza na katoni kumi anaweza kuzigawa hivi: tano za ngazi ya kwanza, kwa sababu ndizo zinazozunguka haraka na kulipa kodi ya pango, nne za ngazi ya pili, ambazo ndizo zitakazokujengea wateja wa kudumu, na moja ya ngazi ya tatu, ikichanganya chupa za aina mbili au tatu. Ya nne iwe ya kuagiza tu. Baada ya miezi mitatu angalia mauzo, siyo kumbukumbu. Kama ngazi ya pili inakwisha kabla ya ya kwanza, wateja wako wamepanda, nawe panda nao.

Andika kila chupa iliyotoka, mteja aliyeinunua na alichosema aliporudi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa limekufundisha ladha ya mji wako kuliko kitabu chochote cha mvinyo kilichoandikwa Ulaya. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.